Juu ya Nini Yule Mchawi Alikuwa Mbaya?

Vijana wetu, mwezi huu ukurasa huu ni wenu. Na ninyi wazazi, msigeuze karatasi mbio. Tutaanza na mchezo wa video, ni kweli, lakini tutamalizia ndani ya nyumba zetu, na pale neno litawahusu ninyi kuliko watoto.

Sote tunajua namna watoto wanavyohadithiana filme. Kuna akteri, ni yule mzuri, hafi. Kuna shefu-bandi, ni yule mbaya, atakufa mwishoni. Zamani mambo yaliishia pale. Shefu-bandi alikuwa mbaya kwa sababu alikuwa mbaya, basi. Lakini vijana wa leo hawatosheki na jibu hilo. Wakicheza, kwa televizyo ama kwa telefone, wanauliza: "Yaya, uyu muchawi, juu ya nini iko mubaya hivi? Nani alimukoseaka?" Na yaya anajibu: "We haujue? Ule muchawi njo Linoa mwenyewe!" Hapo mabishano yanawaka, bukari inapoa katika sahani.

Mzazi anayesikia anafikiri: ni upuzi tu. Hapana. Kijana anayeuliza juu ya nini mtu fulani aligeuka kuwa mbaya anauliza ulizo kubwa sana. Watu wazima wengi hawalifikii. Kwa hiyo tushike mabishano hayo, tuyapime polepole, tuone ndani yake kuna nini cha kutusaidia.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo unaoleta kelele hizo unaitwa Final Fantasy VIII. Kampuni ya Square ya Japani iliutoa tarehe 11 Februari 1999 kwa PlayStation, katika diski 4. Aliyeongoza kazi ni Yoshinori Kitase. Hadithi iliandikwa na Kazushige Nojima. Mwaka uleule ulifika Marekani na Ulaya, na ulitafsiriwa vilevile katika Kifaransa. Umenunuliwa zaidi ya mara milioni 8. Mwaka 2019 ulitoka tena na picha zilizosafishwa, na mwaka 2021 ulifika katika telefone. Ndiyo maana hata watoto waliozaliwa nyuma ya mwaka 1999 wanaujua kama sisi tunavyojua hadithi za sungura.

Kwa wale wasioujua, tuseme kwa ufupi. Squall ni kijana wa miaka 17, asiyependa kuongea na watu. Anasoma katika shule ya askari wa kulipwa. Askari hao wanaitwa SeeD. Anakutana na msichana anayeitwa Rinoa. Katika tafsiri ya Kifaransa jina lake ni Linoa, na sisi tutamwita vile, maana ndivyo watoto wetu wanavyomwita. Kazi ya Squall na wenzake ni kumwua mchawi mwanamke anayeitwa Edea.

Edea anaonekana mbaya kabisa. Katika mji wa Deling, serikali inamwonyesha kwa watu wote. Yeye anasimama mbele yao na kuwatukana: kwa vizazi vingi mmewalaumu wachawi, sasa mnanipigia makofi, hamna haya? Kisha anamwua rais palepale. Na watu, ajabu, wanaendelea kushangilia. Mchezaji akiona vile anasema: shefu-bandi wetu ndiye huyu, tumwue, tumalize.

KATIKA KIWANJA CHA TRABIA

Lakini diski ni 4, na hapo tuko katika diski ya kwanza tu. Katika diski ya pili kuna pahali ambapo vijana wengi wanasimamisha mchezo na kubaki wakitazama tu. Squall na wenzake wamefika kwa shule ya Trabia iliyobomolewa na makombora. Wanaketi katika kiwanja cha mpira wa kikapu, katikati ya mabomoko. Mmoja wao, Irvine, anaanza kukumbuka. Anasema: mimi nililelewa katika nyumba ya mayatima, karibu na bahari. Alikuwako mtoto fulani, na mwingine fulani. Wenzake wanashituka, maana watoto anaowataja ni wao wenyewe. Mmoja anaongeza neno, wa pili anasahihisha, wa tatu anakumbuka fataki walizowasha usiku. Na mama aliyewalea, aliyewapikia na kuwalaza, ni nani? Ni Edea.

Juu ya nini walimsahau? Kwa sababu roho za vita wanazotumia kwa kupigana zinakaa ndani ya vichwa vyao na kula ukumbusho wao. Irvine alikuwa hajazitumia, ndiyo sababu yeye alibaki na ukumbusho.

Baadaye, Edea anaposhindwa, anarudi kuwa mama yuleyule. Kumbe mchawi mwingine, jina lake Ultimecia, anayeishi mbali sana katika nyakati zijazo, alikuwa ameingia ndani yake na kumtawala. Matendo yale mabaya yalitoka kwake.

Kijana, angalia vizuri namna ukweli ulivyotokea hapo. Haukutokea kwa kukisia. Haukutokea kwa sababu mtu aliona alama usoni mwa Edea. Ulitokea kwa sababu mtu aliyekuwako alisema aliyoyaona, na wengine waliokuwako wakaunganisha yao, kila mmoja kipande chake. Huo unaitwa ushuhuda. Kamata neno hilo, tutalirudilia.

TEORI YENYEWE

Sasa tumfikie Ultimecia. Yeye ndiye mbaya wa mwisho. Anataka kuubana wakati: jana, leo na kesho viwe kitu kimoja, na yeye peke yake abaki ndani yake. Juu ya nini? Mchezo hausemi sana. Anachukia SeeD, anajua wanamtafuta kusudi wamwue, ni karibu hayo tu. Hana baba, hana mama, hana utoto, hana jamaa. Amefungiwa katika jumba lake, na hakuna anayemwuliza neno.

Moyo wa mtu haupendi nafasi tupu. Wachezaji wakaijaza. Wakasema: Ultimecia ni Linoa aliyezeeka. Kwa ufupi wanaandika R=U, yaani Rinoa ni Ultimecia. Teori hiyo imekwenda dunia nzima. Inasema hivi: Linoa alipokea nguvu za uchawi. Squall alikuwa mtu tu, akazeeka, akafa. Linoa akabaki peke yake, mwaka juu ya mwaka, kizazi juu ya kizazi. Akasahau jina la mpenzi wake, akasahau hata jina lake mwenyewe. Kitu kimoja tu kilibaki ndani yake: kuna mtu alimpoteza, na yuko nyuma, katika wakati uliopita. Kwa hiyo anataka kuubana wakati kusudi amfikie. Na wakati Squall anapofika na upanga wake, hamjui tena. Wanaopendana wanauana.

Ni hadithi ya kuliza. Hata mzee anaweza kujifuta macho. Lakini je, ni kweli? Wenye teori wanaleta alama nne.

Alama ya kwanza: Linoa anakuwa mchawi kweli. Edea anaposhindwa, nguvu zake zinamwingia Linoa.

Alama ya pili: pete. Squall anavaa pete yenye sura ya simba anayeitwa Griever. Linoa anapata pete inayofanana nayo, anaivaa shingoni pamoja na pete ya mama yake. Na katika vita vya mwisho Ultimecia anaita mnyama wa vita. Jina lake nani? Griever.

Alama ya tatu: pahali. Squall na Linoa waliahidiana kwamba wakipotezana watakutana katika uwanja wa maua karibu na ile nyumba ya mayatima. Na jumba la Ultimecia linaelea hewani, limefungwa na minyororo karibu na pahali palepale.

Alama ya nne: woga. Linoa anamwambia Squall: siku nikigeuka mbaya, SeeD watakuja kuniua, na wewe ndiwe mkubwa wao. Na Ultimecia hachukii kitu kama anavyochukia SeeD.

Ukizisikia zote nne kwa mara moja, unasema: "Njo vile! Ni yeye!" Kijana anapiga meza, mabishano yamekwisha.

TUPIME KILA ALAMA PEKE YAKE

Mwenye duka asiye mwaminifu hapimi kitu kimoja kimoja. Anatupa vyote kwa mizani, anasema: "Ona, kilo tano." Sisi tuvitoe, tupime kimoja kimoja.

Linoa ni mchawi, ndiyo. Lakini Edea naye alikuwa mchawi, na mbele yake wako wengine. Katika mchezo huo nguvu zinapita toka mmoja mpaka mwingine kama urithi. Kuwa mchawi hakuonyeshi kwamba wewe ni mchawi fulani. Tena hatuoni pahali popote katika mchezo Linoa akiishi vizazi na vizazi. Hilo wapenzi wa teori wameliongeza wenyewe.

Pete na Griever, ndiyo, vinatikisa moyo. Lakini katika maneno ya Kijapani, ambayo ndiyo ya kwanza, Ultimecia anawaambia adui zake ya kwamba atawaitia kile wanachokiona kuwa na nguvu kuliko vyote katika mawazo yao wenyewe. Mwenye kumwazia Griever ni Squall. Basi simba ametoka kichwani mwa Squall. Hakuna lazima ya kusema ametoka katika moyo wa Ultimecia.

Pahali je? Nyumba ile ya mayatima ni kitovu cha hadithi nzima. Ni pale watoto walilelewa. Ni pale, mwishoni, Ultimecia anakufa akiwa amerudi nyuma miaka 13, na Edea anapokea nguvu zake ili zisiwaingie watoto. Ni pale vilevile Edea anasikia kwa mara ya kwanza habari za SeeD, toka kinywa cha Squall mwenyewe. Kila njia ya hadithi inapita pale. Si ajabu jumba nalo likawa pale.

Na chuki ya SeeD? Mtu anayewindwa anamchukia mwenye kumwinda. Linoa angeweza kuwachukia, na mchawi mwingine yeyote vilevile.

Unaona, kijana? Alama zote nne ni za kweli. Hakuna mtu aliyedanganya. Lakini kila moja ina maana nyingine inayowezekana, na maana hiyo ni nyepesi kuliko ile ya teori. Mambo manne yasiyotosha hayawi jambo moja linalotosha. Ukifunga kuni nne mbichi pamoja, unapata mzigo mzito, moto hupati.

MWENYE MCHEZO ALIJIBU NINI

Kwa bahati, katika jambo hili kuna mtu wa kuulizwa. Mwaka 2017 mwandishi mmoja wa habari alimwuliza Yoshinori Kitase: ni kweli Linoa ndiye Ultimecia? Kitase akajibu kwamba hapana, si kweli, na kwamba hafikiri hata mwandishi wa hadithi alikuwa na wazo hilo. Lakini akaongeza kwamba wazo lenyewe ni zuri, na kama siku moja watautengeneza mchezo upya, labda atalifuata.

Jibu la upole. Wengine walilikubali. Wengine walisema: hadithi ikitoka mkononi mwa mwenyewe inakuwa yetu, sisi tutaendelea kuamini. Na hapo, kwa mchezo, hatuna ugomvi nao. Teori hiyo imemfundisha kijana kutazama kwa uangalifu, kukumbuka neno la diski ya pili anapofika katika diski ya nne, kulinganisha pete na pete. Tena imemfundisha kitu kizuri zaidi: asikubali mbio kwamba mtu ni mbaya bila mzizi. Mwenye kutunga teori ile alimhurumia adui. Alimtazama mwanamke wa kutisha, akajiuliza kama zamani hakuwa msichana aliyependwa. Huruma hiyo msiizime, wazazi. Katika dunia yetu ni chache.

Na Ultimecia haumii. Ukisema ni Linoa, ukisema si Linoa, yeye ni picha tu. Ukikosea, umepoteza saa moja ya usingizi, na labda bukari ya moto.

SABABU SI RUHUSA

Mbele ya kuacha michezo, tuseme neno moja kwa vijana wanaosema: kama mubaya iko na sababu, basi haiko mubaya tena.

Kampuni ileile ya Square, mwaka 1994, ilitoa Final Fantasy VI. Mbaya wa mchezo ule ni Kefka, mtu anayevaa kama mchekeshaji na kucheka wakati watu wanakufa. Wachezaji wengi wanapita bila kujua sababu yake, maana haisemwi na wakubwa. Inasemwa na mtu mdogo tu, katika mji wa Vector, kama utakubali kusimama na kumsikiliza. Anasema Kefka alikuwa mtu wa kwanza kujaribiwa nguvu za uchawi na wataalamu wa mfalme, wakati kazi ilikuwa bado haijakamilika, na siku ile kitu kilivunjika ndani ya akili yake. Kwa hiyo Kefka naye alitendewa vibaya. Wakubwa walimtumia kama chombo.

Sasa ona alichofanya. Kulikuwa na ngome inayoitwa Doma. Kefka alitia sumu katika maji yake. Karibu watu wote walikufa, askari na wasio askari. Cyan, mmoja wa watu wa Doma, alimkuta mke wake na mtoto wake wamekwisha kufa.

Sisi watu wa miji ya migodi hatuhitaji kuelezwa maana ya maji yaliyoharibika. Tunajua mama anayechota anategemea mto kama anavyomtegemea ndugu. Basi jiulize: tukiisha kujua kilichomvunja Kefka, je, mke wa Cyan amefufuka? Je, maji yamesafika? Hapana. Sababu inatusaidia kujua ubaya ulianzia wapi, kusudi wakubwa wasimjaribie tena mtu mwingine namna ile. Haiondoi tendo. Kijana mwenye akili anashika yote mawili kwa mikono miwili: huruma mkono mmoja, haki mkono mwingine. Hatupi moja ili ashike lingine.

SASA TUINGIE NYUMBANI

Wazazi, hapa ndipo tulipokuwa tunakuja.

Mchezo ule unasema habari za wachawi. Sisi nasi tuna neno letu: bulozi. Na mara ngapi, katika site zetu, tunatengeneza teori kuliko watoto wetu, tofauti tu ni kwamba ya kwetu inaanguka juu ya mtu mwenye damu?

Tazama namna inavyojengwa. Baba amefutwa kazi. Shimo limeanguka juu ya wachimbaji. Mama amepoteza mimba. Nyumba inatafuta sababu, maana moyo haupendi nafasi tupu. Na katika nyumba kuna mtoto wa ndugu aliyefariki, yatima, amekuja kukaa kwa baba yake mdogo. Kisha mtu anaanza kukusanya alama. Anakojoa kitandani. Anaota usiku na kupiga kelele. Haongei. Ama anaongea sana. Anakula kupita watoto wengine. Siku moja alianguka akatetemeka, povu mdomoni. Na mwishoni inakuja sababu iliyofichwa: "Analipiza. Mama yake alifaka na kisirani na sisi." Alama zote zimefungwa pamoja, watu wanapiga meza: "Njo yeye!"

Tupime kimoja kimoja, kama tulivyofanya na Ultimecia. Kukojoa kitandani kunaweza kutoka kwa ugonjwa ama kwa woga, na mtoto aliyehama nyumba ana woga mwingi. Ndoto mbaya zinamfuata kila mtu aliyezika mzazi. Kunyamaza ni kilio kisicho na sauti. Kula sana ni njaa ya zamani. Kuanguka na kutetemeka kunaweza kuwa kifafa ama malaria kali, na vyote viwili vinatakiwa kupelekwa kwa daktari, leo, si kesho. Na lile shimo? Udongo ulilowa, mvua ilinyesha, hakuna miti iliyosimamisha kuta. Uliza wachimbaji wenyewe, watakuambia. Kila alama ina maana nyepesi kuliko ile tuliyoichagua.

"Lakini mtoto mwenyewe amekubali," mtu atasema. Mkumbukeni Linoa. Alipopokea nguvu zile, watu wa inchi ya Esthar walitaka kumfungia katika nyumba ya wachawi, asitoke tena. Yeye akakubali. Akatembea kwa miguu yake mwenyewe. Je, alikuwa ametenda ubaya kwa mapenzi yake? Hapana, Ultimecia ndiye aliyemtumia. Alikubali kwa sababu aliogopa yale ambayo wote waliyasema juu ya watu kama yeye, akaona afadhali ajitoe asije akawaumiza wengine. Hata Squall alimwacha aende, akasimama kama mti, mpaka wenzake wakamkemea. Ndipo wakakimbia wakamtoa. Msichana wa miaka 17 alikubali vile. Mtoto wa miaka 8, amenyimwa chakula siku mbili, amezungukwa na wakubwa wanaopiga kelele, hatakubali neno gani? Kukubali kwa namna hiyo si ushuhuda. Ni uchovu.

Tena inchi yetu imekwisha kusema wazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika artikle 41, inakataza kumshitaki mtoto bulozi. Na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika artikle 160, inamwekea mwenye kumshitaki kifungo tangu mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na faini. Haisemi "kama mtoto si mulozi kweli". Inasema usimshitaki, basi. Baba, mama, shangazi, kiongozi yeyote: sheria haichagui.

Ultimecia alikuwa na bahati moja. Kulikuwa na mtu wa kuulizwa, akajibu: hapana, si yeye. Mtoto aliyefukuzwa usiku, anayelala nje ya soko, nani anaulizwa juu yake? Hakuna. Ndiyo maana sharti sisi tuulize mbele ya mlango kufungwa, si nyuma yake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

Vijana, msiache teori zenu. Zungumzeni, bishaneni, andikeni katika kaye kama mnapenda. Lakini kila mara mnaposema "juu ya nini fulani iko mubaya", katika mchezo ama katika avenyu, wekeni maulizo haya manne mezani:

1. Alama hii ninayoionyesha, je, haina maana nyingine iliyo nyepesi zaidi?

2. Nani alikuwako, na nimemsikiliza yeye, ama nimesikiliza wasemaji tu?

3. Kama ninakosea, nani ataumia? Picha katika televizyo, ama mtu anayekula nasi?

4. Nikiisha kujua sababu, nitafanya nini kwa yule aliyeumizwa?

Na ninyi wazazi, jioni moja mwambie kijana akuonyeshe kile kipande cha kiwanja cha Trabia. Si kirefu. Keti naye, usiulize namna ya kushika maneti, sikiliza tu. Utaona vijana waliokuwa tayari kumwua mwanamke mmoja, na namna walivyogundua ni nani aliyewalea. Hawakugundua mpaka walipoketi wote pamoja na kila mmoja kupewa nafasi ya kusema aliyoyakumbuka. Nyumba nyingi kwetu zinahitaji kiwanja cha namna hiyo. Kiti kimoja kiwe cha yule mtoto ambaye watu wamekwisha kumsemea, na siku hiyo aanze yeye kusema.